Mkanda ulioanguka saa kumi alfajiri: uchambuzi wa kisa cha dari ya sebule moja

Nyumba na wenyewe

Nyumba iko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande ambao upepo wa bahari bado unafika. Majina, mtaa na mwaka nimeviondoa, na mwenye nyumba ameniruhusu kuandika. Vipimo nimeviacha kama vilivyo, maana kisa cha dari bila vipimo ni porojo.

Mama mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Alijenga kama wengi wetu tunavyojenga: msingi mwaka huu, tofali pesa ikipatikana, bati siku kiinua mgongo kilipotoka. Binti yake mkubwa anafanya kazi Muscat, na ndiye aliyetuma pesa ya kumalizia sebule. Alitaka mikanda ya jipsamu, yale mapambo marefu yanayofunika ungio la ukuta na dari, kuzunguka dari yote, na pambo la ua katikati, tena kabla hajaja likizo katikati ya Machi.

Mimi ni fundi wa kumalizia nyumba: skimingi, rangi, dari. Hapa niliitwa kuchagua na kusimamia. Mikanda ilifungwa na kijana mmoja ambaye nimefanya naye kazi mara nyingi, na mkono wake ni mzuri. Nayasema haya mapema kwa sababu kosa kubwa katika kisa hiki ni la msimamizi.

Sebule ina mita 5.2 kwa 4.1. Chumba cha kulia kina mita 3.6 kwa 3.0. Katikati yao kuna boriti ya zege inayoshuka chini ya dari, kwa hiyo kila upande una dari yake. Kutoka sakafuni hadi kwenye bodi ni mita 2.75. Bodi ni za jipsamu za milimita 9, zilizopigwa miezi mitatu nyuma na fundi mwingine kabisa kwenye blandaringi, yaani mbao nyembamba za inchi mbili kwa mbili zinazobeba bodi. Juu yake kuna kenchi za mbao na mabati. Kuta zilikuwa zimekwisha kupigwa rangi ya mafuta kuanzia chini hadi juu, kwa sababu wajukuu wanachora ukutani na rangi ya mafuta inafutika. Hiyo rangi tutakutana nayo tena.

Kuchagua: wa nini, na mpana kiasi gani

Binti alituma picha nyingi za sebule za Ghuba: dari za ngazi tatu, taa zilizofichwa, mikanda mipana yenye majani na mashada ya zabibu. Ni kazi nzuri, sibezi. Lakini ukiitazama picha moja kwa utulivu unaona mlango wenye dirisha juu yake, na juu ya dirisha hilo ukuta bado unaendelea. Sebule ya mama haikuwa na anasa hiyo. Mlango wake una mita 2.1, kwa hiyo kutoka juu ya mlango hadi dari palibaki sentimita 65. Toa mkanda wa sentimita 20, toa bomba la pazia, ukuta unabaki kama shingo iliyofungwa skafu mbili.

Mama mwenyewe amekulia mji wa zamani wa pwani, katika nyumba ya boriti za mikoko. Ukiwahi kuingia nyumba za namna hiyo, Lamu au kwingineko, utakumbuka kwamba mafundi wa kale walipamba ukuta kwa chokaa, wakachonga vidaka, na juu wakaziacha boriti zionekane. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, basi vyumba vikawa vyembamba. Hapakuwa na ungio la kuficha kati ya ukuta na dari. Nadhani ndiyo maana mama hakuvutiwa na zabibu.

Kubishana na picha ya simu ni kazi bure, kwa hiyo sikubishana. Nilichukua boksi la televisheni lililokuwa stoo, nikakata vipande viwili, kimoja cha sentimita 20 na kingine cha 12, nikavikunja vikae mshazari kati ya ukuta na dari kama mkanda utakavyokaa, nikavibandika kwa seloteipu upande huu na huu wa dirisha. Nikaaga. Kesho yake asubuhi simu ikaita: “Fundi, hiki kikubwa kinanikalia kichwani.” Alimpigia binti simu ya video, akamwonyesha vyote viwili. Wakakubaliana sentimita 12, wenye mkato mmoja tu usio na maua, na kwa heshima ya binti, ua la sentimita 60 katikati ya sebule pale linaponing'inia pangaboi.

Kuhusu malighafi tulikuwa na njia nne. Mbao tuliiacha mapema, kwa bei na kwa mchwa. Mikanda ya plastiki ngumu ya kuagiza ni myepesi, haiozi, na mistari yake imenyooka kama rula, ila bei yake pale dukani ilikuwa zaidi ya mara tatu ya jipsamu, na muuzaji alisema wazi kwamba nakshi ile ikiisha huenda isirudi. Ile nyeupe nyepesi inayofanana na foma ya kufungia friji ni rahisi kuliko zote. Udhaifu wake ni kwamba gundi yenye kimiminika kikali huila ikayeyuka mbele ya macho yako, rangi ya mafuta vilevile, na moto ukitokea inawaka na kutoa moshi mweusi.

Tukabaki na jipsamu ya kumwaga. Poda yake hutokana na jiwe la jasi, ambalo huchimbwa hapa hapa nchini. Makanya kule Same ni mahali panapojulikana sana. Jiwe husagwa na kupikwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi, likapoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake. Ukiirudishia poda hiyo maji, inashika na kuwa jiwe tena kabla chai haijapoa. Karakana za kando ya barabara huimwaga kwenye kalibu, zikaitia nyuzi za fiba isivunjike, na zikakupa mkanda wa mita 2.4. Niliichagua kwa sababu moja kubwa kuliko bei: kipande kikiharibika, kalibu ipo, na unapata pacha wake.

Kupima na kuagiza

Mzingo wa sebule ni mita 18.6, wa chumba cha kulia 13.2. Ukuta wa magharibi wa sebule una nguzo inayotokeza sentimita 25, nayo inaongeza nusu mita. Jumla 32.3. Gawa kwa 2.4 unapata vipande kumi na vitatu na nusu, yaani 14 ukiwa malaika. Kona zilikuwa 12: za ndani kumi, za nje mbili za ile nguzo, na kila kona inakula ncha ya mkanda. Tuliagiza 16. Kimoja kilivunjika ndani ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwa sababu vijana walikilaza chali badala ya kukisimamisha ubavu.

Nilipima pia mishazari ya sebule. Mmoja ulitoa mita 6.66, mwingine 6.58. Chumba kilichonyooka hutoa namba moja. Kona iliyoharibika ilikuwa ya magharibi, nyuzi 92 hivi badala ya 90, plasta ikiwa imenenepa karibu na nguzo. Nikaandika kwenye daftari.

Karakanani nilikataa mzigo wa kwanza. Mikanda ilikuwa imemwagwa jana yake, baridi mkononi, mizito kwa maji. Tukasubiri siku tano kivulini hadi kipande kikavu kikapungua kufika kilo sita na kidogo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi na ningeurudia kesho. Lakini ulikula siku tano katika ratiba iliyokuwa na siku kumi na mbili, na mtu akibanwa na siku huanza kukata kazi ambazo hazionekani.

Siku tatu za kazi

Siku ya kwanza kijana alipiga mstari wa chaki kuzunguka kuta kwa kutumia mpira wa maji. Ukuta wa magharibi ukatoa habari: kutoka ncha hii hadi ile, bodi ilikuwa imeshuka milimita 14. Nilimuuliza. Akajibu, “Bodi zimelegea kidogo hapo, bosi. Mkanda utaficha.”

Nikasema sawa.

Ngazi ilikuwepo. Tundu la kupandia darini lilikuwepo, koridoni, hatua sita kutoka tuliposimama. Tochi nilikuwa nayo kwenye simu. Sikupanda. Ulikuwa mwisho wa Februari, joto la chini ya bati lile hakuna anayelitamani, na binti alikuwa amekwisha kukata tiketi. Hizo ndizo sababu, na nikiziandika hivi naona jinsi zilivyo nyepesi.

Kisha rangi ya mafuta. Uji wa jipsamu hutaka ukuta unaonywa maji yake kidogo ili ushike, na rangi ya mafuta haiachi ukuta unywe. Tulikubaliana rangi iparuliwe ukanda mzima utakaokaliwa na mkanda, kisha ukuta utobolewe-tobolewe kwa ncha ya nyundo. Kuta tatu za sebule zilifanyiwa hivyo. Ukuta wa magharibi una kabati la televisheni lililojengewa pale pale. Kulipanda kulihitaji kulitoa vyombo vyote, na mama hakuwepo siku hiyo. Kijana alipitisha msasa juu juu mahali mkono ulipofika, akafuta vumbi.

Siku ya pili mikanda ilipanda. Uji wa jipsamu nyuma, skrubu nne kwa kila kipande, kijiti cha kuegemezea hadi ushike. Skrubu ziliingia kwenye bodi. Kama nyuma ya bodi kulikuwa na mbao, hakuna aliyeuliza.

Siku ya tatu zilikuwa kona, maungio na ua. Kona zilikatwa kwa boksi la kukatia pembe lenye nyuzi 45, kona zote, pamoja na ile ya nyuzi 92 iliyokuwa imeandikwa kwenye daftari langu. Ikabaki nafasi ya milimita 4 upande mmoja, ikajazwa uji, ikapigwa msasa, ikapendeza. Kwenye ua nilikuwa mkali. Nilimtaka kijana aingize ubao kati ya kenchi mbili na kulabu ya pangaboi ifungwe kwenye ubao huo. Kijana alipanda darini kwa kazi hiyo, katikati ya sebule, akashuka. Hakutumwa kutazama pembeni na hakutazama.

Rangi ya maji, nyeupe ileile ya dari, mikono miwili. Binti alikuja, akapiga picha, akafurahi. Katika likizo yake alileta fundi wa dishi ili mama aone chaneli za huko. Aliondoka mwishoni mwa Machi.

Masika

Wiki ya pili ya Aprili mama alinitumia picha: mstari mwembamba kama uzi, juu ya mkanda wa magharibi, na karibu na nguzo doa la rangi ya chai ya rangi. Nilimjibu kwamba nitapita Jumamosi. Alhamisi, saa kumi alfajiri, kipande cha mita mbili na kitu kilianguka juu ya kabati la televisheni. Televisheni ilipona kwa upana wa kiganja. Hakuna aliyeumia, kwa sababu tu hakuna anayekaa sebuleni saa kumi alfajiri. Wajukuu walikuwa wamelala kwenye mkeka upande wa pili wa chumba hichohicho usiku mbili kabla.

Nilipofika alikuwa amekusanya vipande kwenye beseni. “Nimefundisha methali ya ufa miaka thelathini,” akasema, “leo ufa umenifundisha mimi.” Kijana alipoingia akatoa shikamoo bila kuinua macho. Mama akaitikia, akamwambia, “Kaa kwanza mwanangu, unywe chai. Dari haikimbii.”

Nilichokikuta juu

Safari hii nilipanda. Yalikuwepo mambo matatu, na kila moja lilikuwa na mwenyewe.

La kwanza, maji. Fundi wa dishi alikuwa amefunga mguu wa dishi kwa skrubu nne zilizopenya bati bila ya raba wala silikoni. Tatu zilikuwa salama kwa bahati. Ya nne ilikaa bondeni mwa mgongo wa bati, pale maji yanapopita, na tone lake lilitelemka kwenye kenchi hadi kwenye blandaringi ya pembeni, juu kabisa ya nguzo. Jipsamu na maji hawapatani. Jasi yenyewe huyeyuka kidogo majini, kama gramu mbili kwa lita, lakini ubaya hauanzii hapo: bodi iliyolowa hulainika, na skrubu inakata njia yake kama kisu kwenye mkate.

La pili, mbao zisizokuwepo. Blandaringi zilikuwa zimepangwa kwa sentimita 60, si 40. Kwa bodi ya milimita 9 sentimita 40 ndiyo nafasi ninayoiamini, nayo inagawanya upana wa bodi wa mita 1.2 bila kubakiza. Kibaya zaidi, ukingoni mwa ukuta wa magharibi hapakuwa na blandaringi hata moja. Ncha ya bodi ilikuwa inaelea, sentimita arobaini nzima kutoka mbao ya mwisho. Zile milimita 14 nilizoambiwa mkanda utazificha zilikuwa bodi inayoning'inia kwa uzito wake yenyewe. Sisi tukaitundikia kilo sita kila mita mbili na nusu.

La tatu nililiona nikiwa nimeshuka, mkononi mwangu. Nyuma ya kipande kilichoanguka uji wa jipsamu ulikuwa laini, unang'aa kama kioo, na una rangi ya krimu ya ukutani kwa mbali. Haukung'oka ukutani, kwa sababu haukuwahi kushika.

Baada ya hapo nilizunguka vyumba vyote viwili nikigonga kila kipande kwa kifundo cha kidole. Mkanda ulioshika hutoa sauti fupi, kavu. Ulioachia hulia kama mtungi mtupu. Tisa vilikuwa vizima. Viwili vya chumba cha kulia vililia mtungi, na vitatu vya magharibi sikuhitaji kuvigonga.

Uamuzi: kubomoa kiasi gani, na lini

Kijana alitaka kurudisha kipande siku hiyohiyo, kwa aibu zaidi kuliko kwa hesabu. Binti, kwa simu kutoka Muscat, alitaka jipsamu yote iondolewe tuweke ya plastiki. Mama alitaka chumba chake tu.

Nilipinga kurudisha mara moja kwa sababu ya maji: bodi na mbao zilikuwa mbichi, na mkanda mpya juu ya mbao mbichi ni ufa uliolipiwa kabla. Nilipinga kuondoa yote kwa sababu vipande tisa vilikuwa vizima, na plastiki ingekaa juu ya bodi ileile isiyo na mbao. Hakika isingeanguka na kuumiza mtu, lakini ingeinama pamoja na bodi na kuficha doa miezi mingi zaidi.

Tukakubaliana hivi. Bati lizibwe kwanza, wiki hiyohiyo: skrubu zenye kofia ya raba, na mguu wa dishi uhamishiwe ukutani. Vipande vitano vishushwe vyote, na bodi moja iliyolowa ikatwe. Halafu tusubiri masika yaishe. Mama alikaa na sebule yenye tundu hadi wiki ya pili ya Juni. Alilalamika, na alikuwa na haki.

Nani alipe? Hapa palikuwa pagumu kuliko dari. Makubaliano yetu yote yalikuwa ya mdomo. Fundi wa bodi wa mwanzo simu yake iliita bila kupokelewa. Fundi wa dishi alisema bati lilikuwa bovu tangu zamani. Mwisho kijana alirudia kazi bila ujira, mama alinunua vifaa, mimi nikarudisha nusu ya nilicholipwa kwa usimamizi. Nusu nyingine nilibaki nayo, na sikuona raha nayo.

Juni tulifanya hivi. Blandaringi mpya kuzunguka ukingo wote wa magharibi, zimefungwa kwenye kenchi, na mbao za kati kupunguza ile nafasi ya 60. Bodi ilipanda ikarudi usawa, ikabaki tofauti ya milimita 3 tu. Kabati lilitolewa vyombo, mama akisimamia sahani zake moja moja. Rangi ya mafuta iliparuliwa hadi plasta ikaonekana, ukanda wa sentimita 8, ukatobolewa-tobolewa, ukanyunyiziwa maji kidogo. Skrubu ziliingia kwenye mbao, zile zilizopakwa zinki, maana upepo wa bahari unakula chuma cheusi ukikitazama.

Kona ya nyuzi 92 haikupelekwa kwenye boksi la pembe. Unachukua kipande chakavu cha mkanda, unakishika kwenye kona kama kitakavyokaa, unachora kwenye dari mstari wa ukingo wake. Unafanya vivyo hivyo kwenye ukuta wa pili. Mistari miwili inakatana mahali fulani. Kutoka hapo hadi kwenye kona yenyewe ndiyo njia ya msumeno, iwe kona ina nyuzi 90, 92 au 87. Ni dakika tano. Kijana alipoona jinsi vipande viwili vilivyobusiana bila uji, alivishusha akavipandisha tena mara mbili, kwa raha tu.

Matokeo

Vuli ilipita, na masika mengine yakapita. Doa halikurudi. Ufa mmoja mwembamba upo kwenye kona ya nje ya nguzo, hauongezeki. Niliupigia alama ya penseli kwenye ncha zake na penseli bado inasema kweli. Ua na pangaboi havijatikisika tangu siku ya kwanza. Binti aliporudi alitazama juu, akasema sasa mkanda unaonekana mwembamba. Mama akamjibu kwamba yeye ndiye anayelala humu.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Boksi la televisheni lilikuwa uamuzi bora wa kazi nzima na halikugharimu kitu. Watu hawagombani kuhusu vipimo, wanagombana kuhusu picha zilizo vichwani mwao, na kipande cha katoni kikilala usiku mmoja pale juu kinamaliza maneno. Kwa kimo cha mita 2.75 naona sentimita 10 hadi 12 ni salama. Juu ya mita tatu mambo hubadilika, hapo unaweza kuanza kuota zabibu.

Jipsamu ya karakana ilijilipa siku ya kurudia. Tulihitaji vipande vitano, kalibu ilikuwa palepale, na leo huwezi kunyoosha kidole ukasema hiki kipya hiki cha zamani. Tungeweka plastiki ya kuagiza tungeanza kutafuta nakshi mji mzima.

Je, maji ndiyo yaliyoangusha mkanda? Binti anaamini hivyo, na fundi wa dishi ndiye mkosaji wake. Mimi nasita. Vipande viwili vya chumba cha kulia vilikuwa vimeachia ukuta bila tone la maji karibu yake. Pale kijana alikuwa ameparua rangi nusu nusu. Bodi ya magharibi ilikuwa imeinama tangu Februari, kiangazi, dishi likiwa bado dukani. Maji yaliharakisha tu. Bila maji nadhani mkanda ule ungekaa mwaka, labda miwili, halafu ungeanguka saa ambayo watu wako sebuleni. Kwa kipimo hicho tone la fundi wa dishi lilitusaidia, ingawa sitamwambia.

Kilichoshindikana kikubwa ni lile neno “mkanda utaficha”. Mkanda kwa kweli unaficha: unaficha ufa mwembamba wa ungio, plasta iliyokatika vibaya, ncha ya bodi iliyokatwa kwa mkono wa haraka. Hiyo ni kazi yake ya halali. Lakini bodi iliyoshuka milimita 14 ni kitu kinachosogea, na mkanda ukiwekwa juu ya kitu kinachosogea unachora mstari mnyofu pembeni yake, hata asiye fundi anaona. Nilikuwa na dalili hiyo kwenye mstari wa chaki saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza. Ile ya kona niliiandika mwenyewe, kisha nikaacha daftari mfukoni.

Na kabati. Nimefikiria sana kuhusu kabati. Lilikuwa sababu ya kutoparua rangi, na lilikuwa mahali mkanda ulipoangukia. Kijana hakuwa mvivu: alisita kugusa vyombo vya mama wa watu mwenyewe hayupo, na heshima hiyo ni nzuri. Kazi ya msimamizi ilikuwa kupiga simu moja. Siku hizi namwomba mwenye nyumba atoe kila kitu ukutani siku moja kabla, au tusianze.

Tangu kisa hiki kijana anatoza pesa ndogo ya kupanda darini kabla ya kutaja bei ya mikanda. Wateja wengine hunung'unika, kwamba wamemwita apambe na yeye anataka kukagua mbao. Asiyelipa, hamfungii.

Karakanani Juni tulichukua vipande vitano, na kimoja tulikuwa nacho tangu mwanzo. Kimebaki. Mama amekifunga kwenye khanga kuukuu na kukilaza uvunguni mwa kitanda cha wageni, ili kalibu ya karakana ikivunjika siku moja, fundi atakayekuja awe na pa kuigia.